Kidari cha Hilaria

Kidari cha mbuzi hakikatwi njiani. Zamani kwetu Kirua Vunjo hata mtoto alilijua hilo. Wa siku hizi wanajua chipsi. Kwa ukoo wetu, mke akifa na mwaka ukapita, mume anachinja beberu kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, anatoa kidari kizima na kukipeleka kwa kaka wa marehemu, kwenye nyumba alikozaliwa huyo mke. Baada ya kisu cha mchinjaji, kisu kinachofuata ni cha huyo kaka. Akikata na kula, anasema neno moja tu: "Mfunikeni." Hapo ndipo kaburi linawekewa jiwe. Kidari kikifika kimekatwa, hata pande la ukubwa wa kidole, maana yake mume amekula fungu la mkewe hata baada ya kumzika. Kaka hagusi, neno halisemwi, na kaburi linabaki udongo.

Kaburi la mke wangu Hilaria lilikuwa udongo mwaka mzima, pale chini ya migomba yake ya mshare. Masika ilipochachamaa, maji yakawa yanalila pembeni, na kila asubuhi nilitoka na jembe kurudishia. Nikimaliza nakaa kwenye gogo, nampa habari za nyumbani. Ng'ombe kazaa. Kahawa imepukutika. Wale wa chama wamekuja tena na maneno matamu, nikawafungia mbwa mlangoni.

Beberu wa kuchinja alilelewa na Hilaria mwenyewe. Alimnunua soko la Himo akiwa hajui hata kutafuna majani vizuri, akamfunga ndani upande wa ng'ombe kama mama zetu walivyofanya, asikonde kwa kutangatanga. Alimpa maganda ya ndizi, majani ya viazi, na magadi kidogo kwenye kiganja. Alimwita Mjumbe, kwa sababu anapiga kelele siku nzima na kazi hafanyi. Alfajiri nilikuwa namsikia akimgombeza, "Mjumbe, umelala na njaa au umelala na uongo?" Mimi kitandani nacheka peke yangu. Sasa nyumba ile ina ukimya ambao hata redio haiuondoi.

Hilaria alianza kukohoa msimu wa kuchuma kahawa. Hospitali wakasema mashine ya kuangalia kifua imeharibika, fundi yuko Dar, kipuri kiko ng'ambo. Njooni wiki ijayo, tukaenda. Njooni tena, tukaenda. Fundi alipofika, Hilaria alishazikwa. Sitasema zaidi. Nasema tu kwamba mashine wanazo, inategemea wanataka kupima nini.

Maana kilipopasuka kile kinu cha umeme wa nyuklia, nchi ya mbali ambako hata mwewe wa kwetu hafiki, mashine ilipatikana. Redio ilisema upepo umebeba vumbi la mionzi, likaangukia mashamba ya huko, majani, ng'ombe, maziwa. Wakubwa wetu wakasema tusiwe na wasiwasi, sisi hatuhusiki. Kumbe kuna watu, majina hatukuambiwa, walinunua huko maziwa ya unga na chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, wakavimwaga kwenye magunia yenye maandishi ya Tanzania, wakawa wanavivusha Kenya. Wakenya wakapima, wakakuta. Ndipo ikatoka amri: chakula chochote cha binadamu au cha mifugo kisivuke mpaka hadi kipimwe na kupewa kibali. Amri yenyewe siipingi. Nani anataka kumlisha sumu mtoto wa mwenzake? Lakini waliobadilisha magunia wako kwenye viyoyozi vyao, na aliyesimamishwa ni mimi na mbuzi wa mke wangu.

Jirani yangu Jovin, mwenye Canter, aligeuzwa mpakani Holili na shehena ya mashudu aliyokuwa anapeleka Kenya, kwa wafugaji wa Taveta. Akaja nayo mpaka mlangoni kwangu.

"Baba Zita, chukua ya Mjumbe. Nakupa kama bure. Atanenepa mpaka ashindwe kusimama."

"Imepimwa?"

"Ipimwe na nani? Kupima ni kwa zinazokwenda nje. Za humu ndani hazina shida."

"Yaani ng'ombe wa Taveta asile mpaka apewe kibali, wa Kirua ale tu?"

"Ndiyo utaratibu, mzee. Mimi sikuutunga."

"Basi mpelekee aliyeutunga, akaungie mchuzi."

Mjumbe akaendelea na maganda yake ya ndizi mpaka siku yake ilipofika. Binti yangu Zita alikuja kutoka Dar kwa ajili ya hiyo shughuli. Alikuwa ameshaagiza jiwe na fundi wa kulijenga, yote kwa simu, na alipoona nafunga kidari kwenye majani ya mgomba akashika kiuno.

"Baba, huko mpakani watakusumbua bure. Mtumie mjomba hela, anunue kidari hukohuko Taveta, akate, aseme hilo neno. Hata kwenye simu anaweza kulisema, tukaweka loud speaker pale kaburini."

"Zita."

"Abee."

"Mama yako nilimwoa kwa simu?"

"Hapana, baba."

"Basi na simu isimfunike."

Akacheka, halafu akalia, halafu akanisaidia kukaza kamba ya mgomba. Nikapanda bodaboda mpaka Himo, na kutoka Himo nikapata gari la Holili, kidari nimekipakata kama mtoto.

Njiani sikuona kitu kingine zaidi ya Hilaria. Baba yake alitoka Kirua ujana wake kufuata kazi ya mkonge, akalowea Taveta, akazaa huko. Mimi nilimpata binti yake wakati mbaya. Wakubwa wa nchi mbili walikuwa wamegombana, mpaka umefungwa, barabara ya Holili imeota nyasi katikati. Jumamosi za soko nilikuwa napita vichakani na mkungu wa ndizi begani, narudi na sabuni ya Kenya mfukoni na jina lake mdomoni. Miguu ilikuwa myepesi, Mungu wangu! Mlima ulikuwa mweupe hadi mabegani, siyo hii theluji ya sasa iliyobaki kama chumvi kwenye kidonda. Kahawa ilikuwa na heshima. Kijana mwenye kihamba alikuwa mtu.

Hata siku ya harusi Hilaria alivukia vichakani. Gauni jeupe limefungwa kwenye shuka, viatu mkononi, shangazi zake wanazuia vicheko askari wasisikie. Tulifika kanisani Kirua ana miba kwenye shela, na padri alijifanya haioni. Maisha yake yote akawa ananitania, "Wewe uliniolea porini kama sukari ya magendo." Mwanzoni tulicheka wote. Uzeeni, akilisema, alikuwa anageukia dirishani.

Holili palikuwa na jua la kuchoma kichwa. Malori yamejipanga, madereva wamelala chini yake. Kwenye meza ya wapimaji alikaa kijana mmoja safi, fulana ya rangi ya chungwa, kitambulisho shingoni kimeandikwa Ronald.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Umebeba nini, Mangi?" Ndivyo wanavyotuita wazee wa mlimani.

"Kidari."

"Kidari cha nini?"

"Cha mke wangu."

Yule kijana akarudisha kiti nyuma.

"Cha mbuzi," nikasema. "Cha mbuzi wa mke wangu. Nampelekea kaka yake, Taveta, ng'ambo hapo tu."

Akavuta karatasi. "Huyo mbuzi alikuwa anakula nini?"

"Maganda ya ndizi."

"Na chakula cha kiwandani?"

"Kiwanda hajawahi hata kukiona."

"Alikuwa anachungwa nje?"

"Hajatoka nje tangu aletwe. Wewe umepigwa na vumbi la hiyo mionzi kuliko yeye."

Wenzake wakacheka, na yeye akacheka kidogo, hakuwa mtoto mbaya. Halafu akasema, "Sasa mzee wangu, mashine iko Arusha. Hapa sisi tunakata sampuli, kama nusu kilo, inakwenda kusagwa na kupimwa. Majibu ni wiki moja, mbili hivi."

"Na kidari?"

"Kinasubiri."

"Kinasubiri wapi, kwenye mfuko wa shati lako?"

"Friza tunayo, ila imejaa samaki."

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kama ninavyoeleza hapa: mwaka umepita, kaburi ni udongo, kisu cha kwanza ni cha kaka, kikikatwa hakipokelewi. Akasikiliza mpaka mwisho, kalamu imesimama.

"Mzee, mimi baba yangu ni wa Old Moshi, ila nimezaliwa Rau, mjini, nimekulia Rau. Hayo ya kidari sijawahi kuyasikia."

"Ndiyo maana unashika kisu bila kutetemeka."

"Siyo kupenda kwangu. Nikikuachia wewe, wa nyuma yako atasema ana kidari cha bibi yake, na ndani ni maziwa ya unga. Na haya majani uliyofungia, haya ya mgomba, ng'ombe anakula?"

"Anakula. Nani asiyejua?"

"Basi ni chakula cha mifugo. Yana fomu yake."

Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Akanipa mfuko wa nailoni, nikahamishia kidari humo, na majani akayaweka kwenye pipa kando ya meza. Hatujakaa sawa, akaja ng'ombe mmoja wa hapohapo, kamba inaburuzika shingoni, akaingiza kichwa kwenye pipa, akayala yote taratibu huku anatutazama. Alipomaliza akajipitia pembeni ya kizuizi, akaingia Kenya. Hakuna aliyemuuliza kibali.

"Huyo vipi?" nikamuuliza Ronald.

Akajikuna shingo. "Huyo... huyo ana mwenyewe."

Nikatoka, nikakaa kwenye kivuli cha lori, nikampigia shemeji yangu Sylvanus. Yeye ni seremala, kaka mkubwa wa Hilaria. Sukari ilimla mguu wakaukata, sasa anashinda nje ya nyumba ya baba yao kwenye kigoda, anaranda mbao kwa mikono yake.

"Umefika wapi, mwizi wa dada za watu?" Ndivyo anavyonisalimu tangu ujana.

"Nimekwama Holili. Wanataka kukata."

Nikasikia randa ikiwekwa chini.

"Nani anataka kukata?"

"Serikali."

"Serikali ni kaka yake Hilaria?"

"Wanasema wakipime kama kina mionzi."

"Wakati dada yangu anakohoa, hiyo mashine ilikuwa imelala wapi?"

Akakata simu.

Nikabaki pale. Jua likawa linapanda na nzi wakawa wanapata habari. Nilipepea kwa kofia, nikahamisha mfuko kivulini kila kivuli kilipohama. Nilijua nyama ile haifiki kesho. Na beberu mwingine wa kufaa, aliyelelewa na mkono wake, hayuko tena duniani. Kikioza, Hilaria anabaki udongo, na mimi, kwa umri huu, nani atanihakikishia mwaka mwingine?

Kijana mmoja wa bodaboda akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Babu, nimekusikia pale. Huku nyuma kuna njia. Dakika kumi uko Taveta, hakuna wa kukuuliza."

"Naijua. Nilikuwa napita kabla baba yako hajazaliwa."

"Sasa si twende?"

Nikasimama. Nasema ukweli, nilisimama, nikashika mfuko. Nikauona mchongoma wa vichaka vile, nikaiona shela na miba yake, nikamwona Hilaria kwenye dirisha amenigeuzia mgongo. Nikakaa tena.

"Alikuja kwa magendo," nikamwambia. "Hatarudi kwao kwa magendo. Atapita barabarani, mchana, au hapiti."

"Nani huyo?" kijana akauliza, akitafuta mtu kando yangu. Hakumwona, akawasha pikipiki yake akaenda.

Mchana ulishageuka nilipomwona Sylvanus. Alikuwa anatoka upande wa Kenya, nyuma ya pikipiki, gongo limelala mapajani kama bunduki, suruali ya mguu uliokatwa imekunjwa kwa pini. Amevaa koti. Kwa joto lile la Holili, amevaa koti lake la kanisani. Nikasimama mbio nikampokea, na sikuweza kumtazama, maana mwenye kidari hakifuati, hupelekewa. Kaka anayetoka kwake kukifuata ni kama mtu anayesimama mlango wa jikoni kusubiri mabaki. Watu wazima wa kwetu wamekufa na njaa yao kuliko kufanya hivyo.

"Shemeji, hukupaswa," nikasema.

"Najua nisichopaswa. Kiko wapi?"

"Umeacha mlango wa baba yako."

"Baba angekuwa na mguu mmoja na binti mmoja, angekuja. Niambie kiko wapi, jua linanila."

Nikampeleka kwenye meza. Ronald akasimama, akampa kiti chake mwenyewe. Sylvanus akakaa, akapumua, akamwangalia kuanzia kiatu mpaka kitambulisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mkataji?"

"Ni kazi tu, mzee wangu."

"Hata mimi jeneza ni kazi tu. Ila sipimi mtu kabla hajafa." Akanigeukia. "Fungua."

Nikafungua mfuko mezani. Kidari kilikuwa kizima, mafuta yake meupe yameanza kulainika kwa joto. Sylvanus akakigeuza kwa viganja vyote viwili, akapitisha kidole gumba pembezoni pote, akitafuta alama ya kisu. Hakuiona. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kisu chake, kile cha useremala, mpini umefungwa mpira.

Ronald akainua mkono. "Mzee, kisu hapa..."

"Tulia, kijana. Unataka nusu kilo, siyo?"

"Ndiyo."

"Unataka ikatwe na wewe, au unataka ikatwe?"

Ronald akafikiri. "Karatasi inasema ikatwe."

Sylvanus akakata. Alikata upande wa kushoto, pande la haki, siyo la ubahili, akalinyanyua kwenye ncha ya kisu, akampa. "Hii siyo sampuli. Hii nimekupa mimi, kaka yake Hilaria, kwenye fungu langu. Wewe ni mgeni wangu. Sasa kaisage, kaipime, kaitie chumvi, shauri yako."

Yule kijana akaipokea kwa mikono miwili. Sijui alifundishwa na nani Rau, lakini aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mzee," ndipo akaitia kwenye kopo lake na kuandika.

"Na iliyobaki?" Sylvanus akauliza.

"Iliyobaki haivuki mpaka majibu."

"Na mtu akiila upande huu?"

Ronald akaangalia karatasi, akageuza nyuma, hakuna kitu. "Upande huu hakuna amri," akasema, na nadhani aliona aibu kidogo kwa aliyoyasema.

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe uzembe wa wakubwa ukanifaa. Palikuwa na mama anachoma ndizi nyuma ya malori. Akatupa jiko lake na benchi. Nikachoma mimi, Sylvanus akakata. Alikula pande la kwanza macho yamefumbwa. Halafu tukala na tukamsema Hilaria. Sylvanus alikumbuka dada yake alivyokuwa anamwibia vumbi la mbao kufukizia kuku. Nikamkumbusha siku Hilaria alipomfukuza bwana shamba kwa mwiko, kwa kuwa alisema kahawa yake ina ugonjwa kabla hajasalimia. Akaniambia kitu nisichokijua: usiku wa kuamkia harusi baba yao alitaka kuahirisha hadi mpaka ufunguliwe, binti yake apite barabarani kama watu, na Hilaria akakataa. Alisema, "Mpaka una wenyewe, mimi nina wangu." Kumbe ndiye aliyechagua vichaka. Miaka yote ile nilidhani ni mimi.

Nyama ikaisha, mifupa ikabaki, na neno bado. Sylvanus alifuta kisu kwenye suruali, akakitazama, akakifuta tena.

"Nikilisema, ndiyo basi," akasema. "Mimi na wewe hatuna tena cha kupelekeana."

"Maji yanamlila pembeni, shemeji. Kila asubuhi narudishia."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Malori mawili yakawashwa, yakageuzwa kurudi Himo na mizigo yake. Vumbi lilipotua akaweka kiganja chake chenye mafuta juu ya goti langu.

"Mfunikeni," akasema. "Mfunikeni dada yangu."

Nilimsindikiza mpaka kwenye kizuizi. Nikamwambia Jumamosi nakuja kwake.

"Kuleta nini?"

"Sileti kitu. Nakuja kukaa."

"Njoo mikono mitupu basi, hawatakupima," akasema, akapanda pikipiki yake.

Jiwe lilijengwa wiki ileile, Zita akisimamia fundi kama mama yake alivyomsimamia Mjumbe. Jumamosi nikavuka kwa barabara. Ronald akaniuliza nimebeba nini, nikamwonyesha viganja. Akasema majibu ya Arusha bado, mashine imepata hitilafu, wanasubiri fundi. Nikapita.

Sylvanus alikuwa nje ya nyumba ya baba yao, anaranda. Kando yake aliweka kigoda cha pili.